Mtani Aliyetaka Kusikia Matanga Yake

Walipomaliza kumzika mtani wangu, kila aliyerudi kutoka makaburini alisema neno lilelile: msiba ulikuwa wa heshima. Mimi sikwenda huko, nilibaki nyumbani na wanawake wenzangu kama ilivyo desturi ya kwao. Lakini niliona mwenyewe jinsi jeneza lilivyotoka mlangoni bila mtu kulizuia, na hakuna aliyevaa viatu vya marehemu akazunguka navyo uani. Niliitikia kwa kichwa huku nimekunja uso, na jirani yake mmoja wa pale Ihumwa akanipapasa bega akidhani ninalia. Nilikuwa nimekasirika. Mtu amechekesha watu maisha yake yote kwenye runinga, halafu anasindikizwa kama karani wa mahakama.

Jambo alilolitaka katika kufa kwake lilikuwa moja, na alilisema mapema, mbele ya mkewe na mbele ya mwanawe mkubwa: mimi, mtani wake, nimcheze siku ya matanga. Nitembee kama yeye, nigombe kama yeye, watu wacheke mpaka waone haya. Mwanawe akakataa. Nitafika huko. Kwanza inabidi mumjue huyo mtu, maana wengi wenu mnamjua kwa suruali tu.

Mimi ni fundi cherehani wa Area D, hapa Dodoma. Kazi yangu ya pili, kwa miaka mingi, ilikuwa kuwa mke wake ndani ya runinga. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa mjini, mimi ni Mgogo. Wa kwetu hahitaji kuambiwa zaidi. Asiye wa kwetu ajue kwamba babu zake walikuwa wakipita Ugogo na mizigo ya misafara, babu zetu wakawatoza hongo, ushuru wa njia, ndipo wanywe maji, wakapigana, wakachoka, wakapatana. Tangu hapo hakuna Mgogo anayeruhusiwa kumnunia Mnyamwezi kwa neno la mdomoni, wala Mnyamwezi kumnunia Mgogo. Na akifa mmoja, mwenzake ana kazi msibani: anamwigiza marehemu, anajilaza mlangoni, anadai kuku ndipo mwili upite. Watu wanaona ni mchezo. Kwetu sisi ni wajibu, kama kuchota maji ya wageni.

Basi, mtani wangu alikuwa mtu asiyeweza kukaa. Sijui niseme vipi mnielewe. Makalio yake na kiti havikuwa vikipatana. Alikula amesimama, sahani mkononi, akitembea kutoka jikoni hadi ukutani na kurudi, na mkewe alikuwa akifagia punje za wali nyuma yake kama anayefuata kuku. Ukimkaribisha kiti alikishika mgongo, akakizunguka, akakaa ukingoni muda wa kusema "asante", akainuka. Sofa yake ya Area D ilichakaa mgongoni tu. Pa kukalia palibaki papya mpaka walipoihamisha.

Na walihama sana. Area D aliihama kwa sababu, alisema, majirani wamemzoea hata hawagombani tena mbele yake, sasa ataandika nini? Akajenga Msalato. Wenzake walimsifu, kwamba ameona mbali, uwanja wa ndege unakuja huko. Alikaa mpaka miti ya uani ikamfika kiunoni, akasema kimya cha Msalato kinamwasha mwili. Ndipo akahamia Ihumwa, karibu na reli, ili angalau awe anaona kitu kinachokwenda. Mkewe alifunga vyombo mara zote hizo bila neno, isipokuwa ile ya mwisho aliniambia, "Mke mwenzangu, mwambie mumeo kaburi halihamishwi, achague vizuri." Ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza niliyotokea kwenye kipindi, mke mwenza. Alinipikia, alinitumia mboga, na nikigombana na mumewe kwenye runinga alinipigia simu kesho yake kuniambia ningemwongeza.

Kuandika kwake nako kulikuwa kutembea. Sikuwahi kumwona na kalamu. Asubuhi alishika njia, mikono nyuma, akicheza watu wote yeye mwenyewe: sauti ya mwenye nyumba, sauti ya mpangaji, sauti yangu. Sauti yangu aliifanya nyembamba kuliko ilivyo na nilimchukia kwa hilo. Wageni wa mjini walimpisha wakidhani ni mgonjwa wa akili. Akirudi, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, kipindi kimekwisha kichwani, na sisi tulifundishwa maneno kwa kuyasikia, kama watoto wa madrasa. Ukiongeza lako alisimamisha kazi. Ukipunguza, alikutazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kipindi chenyewe mnakikumbuka. Mwenye nyumba wa Area D, serikali imehamia Dodoma, na yeye ghafla amejikuta na wapangaji maofisa kutoka Dar es Salaam wanaolalamikia vumbi, upepo, baridi ya Juni na maji ya zamu. Anawaogopa, anawadharau, anawaiga. Anavaa suruali pana ajabu aliyoifunga kwa kamba, kwa sababu amesikia wakubwa huvaa suti pana. Mimi ni mkewe ninayejua kwamba wapangaji wote wanamdanganya na simwambii.

Ile suruali ndiyo iliyotukutanisha. Alikuja dukani kwangu nayo mkononi, mpya, saizi yake kamili, akataka niiongeze upana mara mbili. Nilimuuliza kabila lake. Akasema. Nikamwambia, "Nilijua. Nyie mmezoea kubeba, mizigo imeisha, sasa mnabeba suruali."

Akazunguka cherehani yangu, akatoka nje, akarudi.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini? Umesikia."

"Rudia kama ulivyosema. Usinitazame. Endelea kushona."

Nikarudia, kwa hasira, na yeye akagonganisha viganja vyake mara moja, paa, akaniuliza kama Alhamisi nina kazi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa. Wenzangu waliosomea chuoni hawapendi nikikisimulia kisa hiki.

Huko kugonganisha viganja kunataka maelezo. Kwenye upigaji picha watu wana neno lao la kusimamisha kamera; yeye alikuwa na mikono. Mara mbili, pa-pa, maana yake rudia. Mara moja, maana yake imetosha, fungeni vyombo, nendeni nyumbani. Mara mbili tulizisikia kutwa. Mara moja tuliisubiri kama futari. Kuna siku alinirudisha mlangoni na ndoo ya maji mpaka nikaimwaga kwa makusudi, akasema sasa hivyo ndivyo mwanamke aliyechoka anavyoweka ndoo, akapiga mara moja.

Sheria zake zilikuwa chache. Usimcheke mtu asiye na pa kukujibia: maskini, mgonjwa, mgeni asiyejua lugha. Mzaha uwe na mlango wa kutokea, alisema, yule unayemtania aone pa kupita na yeye akutanie. Mpiga picha wetu aliwahi kutaka tumweke ombaomba mmoja wa sokoni kwenye kipindi, tumrushie sarafu, watu wacheke. Mtani wangu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia wabadilishane, ombaomba ashike kamera, mpiga picha akae chini. Mpiga picha alinuna wiki nzima.

Lakini msidhani alikuwa mtu mwema wa kuchorwa ukutani. Alikuwa na wivu. Akisikia mchekeshaji mwingine anasifiwa, alisema, "Ni kijana mzuri," kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Nyumbani kwake alikuwa hachekeshi. Wanawe walikua wakimwona baba mkali anayezunguka chumba, na wakicheka mezani aliwauliza wamecheka nini hasa, wamweleze, mpaka hofu ya kueleza ikaua kicheko. Ukimsimulia kichekesho alikusikiliza kama daktari. Akikifurahia, alisema, "Hicho kinachekesha," bila meno kuonekana. Ramadhani alifunga bila kukosa, na kuanzia adhuhuri sisi wote tulitamani angekula.

Na alilalamika sana kuhusu kutambuliwa. Akipita mtaani watoto wanamwita "Mwenye Nyumba!" na watu wazima wanamuuliza kama ana chumba na sebule. Alisema wanamchosha, wanamnyima mawazo. Siku moja tulikuwa tunapita pamoja kwa wale kina mama wanaouza zabibu barabarani, na muuzaji mmoja hakumtambua kabisa. Alimpimia zabibu, akamshukuru, akageukia mteja mwingine. Tukaenda hatua kadhaa. Mtani wangu akasimama, akasema hizi hazitoshi, akarudi. Akasimama pale pale, akainua suruali kidogo kama afanyavyo kwenye runinga. Yule mama akamuuliza, "Tumbo linakuuma, baba?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alitangulia mbele hadi nyumbani, na wiki ile ile yule mama wa zabibu alikuwa ndani ya kipindi, maneno yake hayohayo, na watu waliyapenda kuliko yangu.

Sasa niwaambie alichonifanyia, maana bila hicho mtaniona nilikuwa napigania mchezo tu.

Mama yangu alifia kijijini, upande wa Mvumi. Ilikuwa kiangazi kikali, na kifo chake kilikuwa cha ghafla, na mimi nilikauka. Sikulia. Watu walinizunguka, wakaniimbia, wakanishika mabega, nikawa nimekaa kama gunia. Siku ya pili ilikuja pikipiki, na juu yake mtani wangu. Alishuka kule mbali, na alipofika uani alikuwa ameshajifunga khanga ya mama yangu iliyokuwa imeanikwa kwenye ua, ana kibuyu mkononi, ameinama kiuno kama mama alivyoinama. Yeye alikuwa amemwona mama yangu mara chache sana. Sijui alimwangalia saa ngapi. Aliingia akifukuza kuku kwa maneno ya mama, kwa ule Kigogo wake mbovu, akawaambia waombolezaji wametoka kula kwao au wamekuja kummalizia uwele wake. Akanifikia mimi. Akanishika kidevu kama mama alivyokuwa akinishika, akasema, "Na huyu naye, fundi wa mjini, nguo yake mwenyewe imefumuka."

Nilitazama. Ilikuwa imefumuka kweli, kwapani. Nikacheka. Kicheko kikanipasua kifua, na kilio kikatokea hapohapo, na nililia mpaka jioni. Baadaye alijilaza mlangoni asipitishe jeneza, akadai jogoo, wajomba zangu wakamtukana kwa furaha, akapewa jogoo. Aliondoka naye kwenye pikipiki. Mkewe aliniambia jogoo yule hawakumchinja, alizeeka kwao Msalato akiwaamsha.

Ndiyo maana nasema nilikuwa na wajibu. Si kwa sababu ya kazi, wala umaarufu. Yeye alinitoa kilio cha mama yangu kifuani. Zamu yangu ilikuwa inakuja, na nilijua.

Kipindi kilikufa pole pole. Wakubwa wa kituo walibadilika, wakaja vijana wa heshima tu, wenye kuamkia vizuri. "Shikamoo mzee," halafu wakamweleza kwamba watu siku hizi wanatazama kwenye simu, kichekesho kiwe dakika moja, mtu aanguke mwanzoni. Alijaribu. Alitembea asubuhi nyingi akitafuta kichekesho cha dakika moja. Aliniambia, "Mtani, dakika moja sijafika hata mlangoni. Mtu atacheka nini, na bado hajanijua?" Walipokisimamisha kipindi walimwita, wakampa cheti kikubwa chenye fremu. Alikitundika chooni, kwa sababu huko ndiko alikolazimika kukaa.

Kisha koo likaanza. Mwanzoni sauti ilikwaruza, sote tukasema ni vumbi, yeye akaifanya sauti ya mpangaji mpya. Haikuwa vumbi. Walimpeleka hospitali, wakampasua, wakamrudisha akiwa hai na akiwa na mnong'ono badala ya sauti, mnong'ono wa kukuna, ambao ulimchosha baada ya maneno machache. Mtu aliyekuwa watu wote, sauti zote, akabaki na pumzi.

Lililomuumiza zaidi halikuwa hilo. Lilikuwa adabu. Kila aliyekuja Ihumwa kumwona alikuja na sura ya Ijumaa. Pole mzee. Mungu ni mwema, mzee. Waliokuwa wakimpigia kelele barabarani sasa walivua kofia. Walimwekea mto mgongoni, wakamkalisha. Walimkalisha! Na mimi, naona aibu kusema, nami nilikwenda na chupa ya uji na sura hiyohiyo. Nilimwambia pole. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa, akagonganisha viganja mara mbili. Sikuelewa. Nikasema pole tena.

Siku ya pili ya kwenda kwangu ndipo alipolitamka lile ombi. Tulikuwa wanne sebuleni: yeye, mkewe, mwanawe mkubwa na mimi. Alinong'ona, akisitasita, akaonesha kidole kwangu, "Huyu... anicheze. Matangani." Akapumzika. "Vizuri."

Mwanawe ni mtu wa ofisi, mtu wa swala, kijana mpole ambaye tangu utoto ananiita Mama Mdogo. Alisubiri tukatoka hadi barazani ndipo akaongea.

"Mama Mdogo, naomba usikubali."

"Baba yako ameomba."

"Najua. Lakini dini yetu haitaki vichekesho mbele ya maiti. Sheikh ameshatuambia."

"Babu zako walikuwa na dini hiyohiyo, na sisi tulikuwa tukijilaza milangoni kwao."

Alitazama viatu vyake. Nilidhani nimeshinda. Kisha akaongea kwa sauti ya chini sana. "Nilipokuwa shule waliniita Mtoto wa Suruali. Mwalimu aliniita hivyo. Nilipokwenda kuposa, baba mkwe alicheka kabla sijafungua mdomo. Baba amechekwa kila siku ya maisha yake, Mama Mdogo. Siku moja tu, nataka watu wamwone bila kucheka. Moja. Ni nyingi hiyo?"

Nikashika chupa yangu ya uji nikaondoka. Nilikuwa na hasira naye, na nilimhurumia, na nilimwona mtani wangu kupitia dirisha akijaribu kuinuka kwenye ule mto.

Nikakaa wiki bila kwenda. Sikushona vizuri. Niliharibu sare za kwaya ya kanisani kwetu, mikono nikaishona kinyume, wanakwaya wakaenda kuimba kama waliofungwa. Nikimtii baba, namvunja mtoto. Nikimtii mtoto, yule mtu anaingia ardhini akiwa mzee mpole mwenye mto mgongoni, mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Ndipo simu yangu ikalia, ujumbe kutoka kwake. Alikuwa ameanza kuandika kwa simu, yeye asiyeandika. Uliandikwa: "Mtani. Njoo unizike Jumamosi mchana. Mwanangu amekataza nikiwa maiti. Hakukataza nikiwa hai. Usilete uji."

Jumamosi nilifika. Mkewe alinifungulia geti akiwa amejitanda khanga kama mtu wa msibani, midomo inamcheza. Mtani wangu alikuwa ametolewa barazani, amekalishwa kitini, mto mgongoni. Mwanawe alikuwepo. Alikuwa amesimama ukutani, amekunja mikono, na nilimwona ameambiwa na hakufurahi, lakini hakuondoka.

"Shikamoo, Mama Mdogo," akasema.

"Marahaba. Kama unataka nirudi, sema sasa."

Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akimtazama yeye, si mimi. Kijana akasogeza kiti akakaa.

Nilikuja na ile suruali. Ilikuwa kwangu miaka yote, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiishonea viraka. Niliivaa juu ya gauni, nikafunga kamba, nikatoka nje ya geti, nikaingia upya.

Niliingia nikila. Nilichukua sahani ya mke mwenzangu, nikala nikitembea, nikitawanya wali, na yeye akainuka bila kuambiwa akanifuata na ufagio. Nikamwamkia yule maiti kitini kwa Kinyamwezi chao, "Wangaluka, mpagazi. Umechoka kubeba, leo umebebwa?" Nikauzunguka mto wake, nikautazama, nikamuuliza nani amempa mzigo mgongoni hata uzeeni. Nikamhamisha nyumba. Nikabeba kigoda kutoka Area D hadi Msalato, pale penye ndoo, nikakaa, nikajikuna, nikakibeba hadi Ihumwa. Nikanunua zabibu. Nikarudi kununua zabibu. Nikainua suruali, nikasubiri kutambuliwa, nikajibu mwenyewe kwa sauti ya yule mama, "Tumbo linakuuma, baba?"

Nyuma yangu nilisikia kitu. Nilidhani ni mgonjwa, nikageuka kwa hofu. Alikuwa mwanawe. Ameinamisha kichwa magotini, mabega yanatikisika. Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, akafuta, akacheka tena, akasema, "Alirudi? Alirudi kweli kwa yule mama?" Hakuwahi kukijua kisa hicho. Alikuwa amemwona baba yake kwenye runinga tu, na nyumbani akimwona yule mkali. Huyu wa zabibu hakuwahi kutambulishwa kwake.

Mtani wangu hakucheka. Alikuwa akiniangalia kwa yale macho ya daktari. Nikaanza kutembea, mikono nyuma, midomo inacheza, kama aendavyo akiandika. Ukuta hadi geti.

Pa-pa. Viganja viwili, mara mbili.

Nikarudia. Ukuta hadi geti, nikaongeza vumbi, nikaongeza kuongea peke yangu.

Pa-pa.

"Nimekosea nini?" nikamuuliza. "Ndivyo unavyotembea."

Akatikisa kichwa. Akashika mikono ya kiti. Mkewe akasema, "Kaa," kijana akanyanyuka kumzuia, na yeye akamwonesha kiganja: subiri. Akainuka. Mto ukaanguka. Alisimama, akapata pumzi, akaweka mikono nyuma, akatembea. Ukuta hadi kwenye ndoo tu, si mbali. Lakini nikaona. Bega la kushoto lilitangulia, kama mtu anayepita kwenye umati, na mimi miaka yote sikuwahi kuliona. Akageuka, akanong'ona, "Bega," akakaa. Akakaa ukingoni.

Nikarudi getini. Nikaweka bega mbele. Nilipofika nusu ya uani nilijua nimempata, nilimhisi amenivaa, na nilimwona akiinua viganja vyake, akivitenganisha. Nikajua vitakutana mara moja. Imetosha, fungeni vyombo, nendeni nyumbani.

Nikajikwaa makusudi, ili asiipige. Nikaanguka na ile suruali, miguu juu, kama wale vijana wa dakika moja.

Alisita, viganja hewani. Alijua. Hakuna aliyewahi kumdanganya kwenye kazi. Alinitazama nikiwa pale chini, na meno yake yakaonekana, yote, hadi ya nyuma. Kisha akagonganisha viganja mara mbili, na mimi nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikarudi getini kuanza upya.